Njia za Kutembea na Watoto katika Korongo la Mto Columbia: Ishieni Chini ya Maporomoko

Swali nililoletewa ni la dada mmoja anayeishi Portland, jimboni Oregon, pamoja na mumewe na watoto watatu: mmoja wa miaka 11, wa pili wa miaka 6, na wa mwisho wa mwaka mmoja na nusu ambaye bado anabebwa. Mama yake mzazi anakuja kutoka Lushoto mwezi wa tano, na familia ingependa kumtembeza kwenye maporomoko ya Korongo la Mto Columbia. Dada anauliza ni njia zipi zinazofaa kundi la namna hiyo, kama watoto wanaweza kucheza majini, na kama ni kweli, kama alivyoambiwa na jirani yake, kwamba njia yoyote isiyozidi maili mbili inamfaa mtoto.

Dada, nianze na hilo la jirani, kwa sababu likiwekwa sawa mengine yote yatafuata. Kanuni yake haifai katika korongo hili. Ipo njia ya maili mbili ambayo mtoto wako wa miaka sita ataimaliza akirukaruka, na ipo nyingine ya urefu uleule ambayo mimi, ambaye kazi yangu ni kuongoza familia huku, simpeleki mtoto wa umri huo hata akiwa ameshikwa mkono. Zinatofautiana kwa ukingo: upande wa chini wa njia kuna nini, njia ina upana gani pale penye genge, na mwishoni inakufikisha wapi. Kwa familia yenye watoto wadogo na mzee, ushauri wangu ni kuchagua njia zinazoishia chini ya maporomoko, na zile zinazopanda hadi juu yake mziache kwanza kwa miaka michache.

Sababu yake imo katika jinsi korongo lenyewe lilivyoumbika. Mto Columbia unaikata safu ya milima ya Cascade kwa korongo lenye urefu wa takriban kilomita 130, na mahali pengine kuta zake zinafika mita 1,200. Kuta hizo kwa sehemu kubwa ni za basalti, yaani lava iliyobubujika kutoka kwenye nyufa za ardhi kati ya miaka milioni 17 na milioni 6 iliyopita na kuganda tabaka juu ya tabaka. Mwishoni mwa zama za barafu, zaidi ya miaka 13,000 iliyopita, ziwa kubwa lililokuwa limezibwa na barafu katika eneo ambalo leo ni Montana lilipasua kizuizi chake mara nyingi, na kila lilipopasuka mafuriko yake yalipita hapa yakikwangua kuta hadi zikasimama wima. Vijito vidogo vya pembeni havikuweza kuchimba kwa kasi ile, vikabaki vinaning'inia juu ya genge, na hadi leo vinafika ukingoni na kudondoka. Ndiyo maana upande wa Oregon una maporomoko mengi yaliyopangana karibu karibu, na ndiyo maana kijito kinachoanguka mita 70 kwa kishindo huwa, hatua chache tu kabla ya kuanguka, kimetulia kama mfereji wa shambani. Mtoto akikiona pale juu hukiona kuwa mahali pa kuchezea. Chini, hali ni kinyume chake: kishindo na marasharasha humfanya asimame mwenyewe kabla hujamwambia.

Jambo jingine linalowasaidia ni barabara ya zamani ya korongo, iliyojengwa kati ya 1913 na 1922. Mhandisi wake, Samuel Lancaster, aliipanga kwa makusudi ipite kwenye mandhari nzuri, si kwenye mkato tu, kwa hiyo maporomoko kadhaa yako hatua chache kutoka mahali pa kuegesha gari. Kwa mama yako, ambaye umesema magoti yanamsumbua, barabara hiyo ina thamani kuliko njia yoyote ya miguu. Nadhani aliyezoea kuyaona maporomoko ya Soni kandokando ya barabara ya kupanda Lushoto hatashangaa sana, ila atatoa macho kwa idadi.

Siku ya kwanza ningewapeleka Latourell. Yanaanguka kwa mruko mmoja wa takriban mita 75 mbele ya ukuta wa nguzo za basalti ulioliwa kwa ndani, na pembeni mwamba umepakwa manjano makali na kuvumwani (lichen) zinazoota juu ya jiwe. Watoto hudhani ni rangi. Kutoka kwenye maegesho, kijinjia kifupi cha lami kinapanda hadi mahali pa kutazamia, na kingine kinateremka hadi kwenye dimbwi. Hiki cha pili ndicho chenu. Ni cha dakika chache, ni kipana, na kinawafikisha mahali ambapo upepo wa maji unawapiga usoni. Pia kuna mzunguko wa takriban kilomita nne unaopanda hadi maporomoko ya juu ya kijito hichohicho na kurudi. Mtoto wako wa miaka 11 na baba yake wanaweza kuufanya wakati ninyi wengine mnakunywa chai, lakini una sehemu zenye kingo zisizo na uzio, na wa miaka sita asiufuate kwa sababu tu kaka au dada yake ameenda.

Kabla ya kufika Latourell mkitokea Portland mtapita Crown Point, mlipo jengo la mawe la Vista House lililofunguliwa mwaka 1918. Msimame hapo. Mama yako ataliona korongo zima kutoka zaidi ya mita 220 juu ya mto bila kupanda chochote, ila mfunge kilemba vizuri, maana upepo wa mahali hapo hauna adabu.

Bridal Veil ni ya hapohapo jirani, na ina njia mbili zenye tabia tofauti. Ya juu ni ya lami, tambarare, inazunguka ukingoni ikiwa na uzio na inafaa hata kiti cha magurudumu. Haionyeshi maporomoko, inaonyesha mto, na majira ya kuchipua huwa na maua ya mwituni ya buluu. Ya chini, ya kilomita moja hivi kwenda na kurudi, inateremka hadi kwenye maporomoko na kumalizika kwa ngazi. Mama akae juu, ninyi mshuke. Huko chini mtoto asiguse majani yanayoota matatumatatu kwenye kikonyo kimoja kandokando ya njia, kwa sababu kuna mmea ambao kazi yake ni ileile ya upupu, tofauti ni kwamba unaanza kuwasha baada ya siku moja au mbili, wakati mtu ameshasahau alipopita.

Multnomah mtataka kwenda, na sitawakataza, ingawa kwangu si mahali pazuri zaidi kwa mtoto mdogo. Yana mita 189, yakianguka kwa ngazi mbili, na katikati yake kuna daraja la Benson, lililojengwa mwaka 1914 na kupewa jina la mfanyabiashara wa mbao aliyeligharamia. Uwanja wa kutazamia ulio chini hauhitaji kupanda, una vyoo na chakula katika jengo la mawe la mwaka 1925, na mama yako atayaona maporomoko yote mawili kutoka kwenye benchi. Hadi darajani ni takriban mita 400 za lami inayopanda kwa ukali wa wastani, na daraja lina kingo imara. Hapo ndipo familia yenu igeukie. Wengi huvutwa waendelee hadi juu kabisa, kona 11 zenye vibao vya namba, kwa sababu vibao hivyo humfanya mtoto aone ni mchezo wa kuhesabu. Kufika anafika. Tatizo ni msongamano: katika kona hizo watu wanapishana kwa mabega, wa kushuka wana haraka, na upande mmoja ni mteremko mkali. Na huko juu, baada ya jasho lote hilo, mtaona mgongo wa maji na maegesho ya magari. Uso wake mlikwisha uona bure.

Lakini kama mngekuwa na siku moja tu ya kutembea kweli, ningewapa Wahclella. Iko kwenye kijito cha Tanner, kwenye njia ya kutokea namba 40 ya barabara kuu ya I-84, na kwenda na kurudi ni kama maili mbili, kwa hiyo jirani yako angeikubali, ingawa kwa sababu isiyo sahihi. Inaanza kwa barabara tambarare ya kokoto kando ya kijito hadi kwenye kizuizi kidogo kinachochepusha maji kuelekea kituo cha kuzalishia samaki. Hapo mtoto wa miaka sita awe mbele huru. Muda mfupi baadaye kuna daraja la mbao linalopita mguuni kabisa mwa maporomoko membamba ya Munra, karibu kiasi kwamba mtoto akinyoosha mkono nje ya reli anapata maji. Kila mtoto niliyempitisha hapo amesimama, na kila mzazi ameharakisha bila sababu. Msiharakishe. Baada ya daraja njia inakuwa nyembamba na kupanda ubavuni mwa bonde, na kwa dakika kadhaa kuna mteremko upande wa kijito. Hapa mkono ushikwe, mtu mzima akitembea upande wa nje. Kisha njia inagawanyika na kufanya mzunguko. Ukichukua tawi la chini utapita katikati ya majabali makubwa kama vyumba, ambayo yaliporomoka kutoka ukutani mwaka 1973, na mwisho unafika kwenye ukumbi wa mawe ambamo maji yanaanguka kwa hatua mbili ndani ya dimbwi la kijani. Rudini kwa tawi la chini hilohilo kama mdogo amelala mgongoni. La juu lina ngazi na linapanda zaidi.

Wakati ninyi mkiwa njiani, mama yako na mmoja wenu wanaweza kuwa upande wa pili wa barabara kuu, kwa njia ya kutokea hiyohiyo, kwenye kituo cha samaki cha Bonneville kilichoanzishwa mwaka 1909. Humo ndani ya dimbwi lenye dirisha la kioo anaogelea Herman, samaki wa jamii ya sturgeon mwenye urefu wa zaidi ya mita tatu. Jirani na hapo, kwenye Bwawa la Bonneville, kuna madirisha ya kutazamia samoni wakipanda ngazi za samaki, na mwezi wa tano samoni wa majira ya kuchipua huwa wanapita. Wenye asili ya huku wamevua samoni katika mto huu kwa maelfu ya miaka. Maporomoko yao makubwa ya kuvulia, Celilo, yaliyokuwa mashariki zaidi, yalimezwa na maji ya bwawa jingine tarehe 10 Machi 1957. Mwambie mtoto wa miaka 11, ni umri wa kuelewa kwamba maporomoko nayo yanaweza kuondolewa.

Sasa njia za kuacha. Ya kwanza ni Eagle Creek, ambayo picha zake ni nzuri kuliko zote, na hadi eneo la Punch Bowl ni karibu maili mbili za kwenda, tena kwa mpando mdogo. Kwa kipimo cha jirani yako ingehesabiwa kuwa nyepesi. Lakini njia hiyo ilichongwa kwa baruti kwenye ubavu wa genge miaka ya 1910, na mahali pengine ni upana wa mtu na nusu, ukuta upande mmoja, utupu upande wa pili, na waya wa chuma umefungwa ukutani wa kushikilia. Waya huo uko kwenye kimo cha mtu mzima. Hii ndiyo niliyosema simpeleki mtoto wa miaka sita.

Ya pili ni ile nyufa nyembamba ya Oneonta ambayo watoto wako wameiona kwenye simu, watu wakitembea ndani ya maji kati ya kuta mbili. Ilifungwa baada ya moto wa Eagle Creek ulioanza tarehe 2 Septemba 2017, pale kijana wa miaka 15 aliporusha fataki bondeni. Hekta karibu 20,000 ziliungua, na watembeaji zaidi ya 100 walilala msituni kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa inawaka. Moto ukishaondoa mizizi, mawe na magogo hukosa cha kuyashika kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyohiyo, kibao cha kufunga njia katika korongo hili msikichukulie kama utaratibu wa ofisi tu.

Katikati ya kukubali na kukataa naweka Ponytail, maporomoko madogo yanayopitwa kwa nyuma, chini ya mwamba uliojitokeza kama dari. Unaanzia kwenye maporomoko ya Horsetail yaliyo kando ya barabara na kupanda kwa kona takriban mita 600. Kwa mtoto wa miaka 11 ni furaha kubwa. Sharti langu ni kwamba mkishapita nyuma ya maji mgeuke na kurudi, kwa sababu mbele kidogo kuna mahali pa kutazamia pasipo na uzio, na chini yake ni genge tupu.

Upande wa Washington nitaupitia haraka. Huko tabaka za mwamba zimeelemea mtoni na ardhi imeporomoka kwa mawimbi makubwa, hivyo kuta wima na maporomoko ya kando ya barabara ni machache. Kwa watoto wakubwa kuna jabali la Beacon, mita 258, ambalo njia yake ilikamilishwa mwaka 1918 na ina reli karibu mwanzo hadi mwisho. Si ya safari hii.

Kuhusu kucheza majini, jibu langu ni ndiyo kwa miguu na hapana kwa kuogelea. Maji haya mwezi wa tano ni ya mvua na theluji iliyoyeyuka, na mwili ukizama ghafla katika baridi ya namna hiyo mtu huvuta pumzi bila kutaka, hata akiwa mwogeleaji. Chini ya maporomoko kuna hatari ya pili, kwamba kinachoanguka si maji peke yake. Mwaka 1995 bonge la mwamba linalokadiriwa kuwa na tani 400 lilianguka katika dimbwi la juu la Multnomah, na marasharasha ya maji na vipande vya mawe yakawajeruhi watu wa msafara wa harusi waliokuwa darajani. Kwa hiyo waache wachezee pale kijito kinapotoka dimbwini na kusambaa juu ya kokoto, maji yakiwa ya kifundo cha mguu, mzazi akisimama upande wa chini wa mkondo, maana mtoto akiteleza ataelekea huko.

Mwezi wa tano ni chaguo zuri. Maji yako mengi, maua yapo, na barafu inayofunga njia wakati wa baridi imekwisha. Ila msiende mara tu baada ya mvua kubwa ya siku mfululizo, hasa maeneo yaliyoungua kati ya Horsetail na Dodson, ambako matope na mawe yamewahi kushuka hadi barabarani. Vaeni raba zenye meno, si kandambili, na kila mtu awe na koti la mvua hata kama Portland kuna jua, kwa sababu mguuni mwa maporomoko kila siku ni siku ya mvua. Soksi na suruali za akiba za watoto ziwe ndani ya begi mnalobeba. Mdogo umbebe mgongoni. Mbeleko ya kanga inatosha Latourell na Multnomah kama umeizoea, na koti pana livaliwe juu yenu wawili. Usimbebe kifuani kwenye mteremko, kwa kuwa hutaiona miguu yako. Kigari cha mtoto mkiache nyumbani, isipokuwa mnakwenda Bridal Veil juu au kwenye uwanja wa Multnomah.

Mwisho ni usafiri. Maegesho ya Multnomah ya I-84 yako katikati ya barabara kuu na hutokewa upande wa kushoto, kwa hiyo dereva ajiandae mapema. Katika misimu ya karibuni, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Septemba, kila gari limehitaji kibali cha saa maalumu kununuliwa mtandaoni kabla ya safari, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Angalieni tarehe za mwaka huu kabla ya mgeni wenu kutua. Wahclella ina ada yake ya maegesho ya msitu wa taifa. Asiyetaka shida ya gari apande basi la Columbia Gorge Express linalotoka kituo cha Gateway hapo Portland hadi Multnomah na kuendelea hadi Hood River. Mkienda na gari, msiache begi kwenye kiti hata kwa dakika kumi, kwa sababu vioo huvunjwa. Na muwe mmeshaegesha kabla ya saa tatu asubuhi, siku ya katikati ya wiki kama kazi inaruhusu. Mkikuta lango limefungwa kwa kujaa, endeleeni mbele hadi namba 40, kwa Herman, kisha mrudi alasiri.